Baada ya Miaka Hamsini: Wapi Ukikosekana Utaulizwa?

Watu wengi walio kazini hujiwekea ahadi zinazofanana. Nikishastaafu, watoto wakishajitegemea, hapo ndipo nitakapopata nafasi ya kuwa mtu wa watu. Nitajiunga na kikundi, nitahudhuria vikao vya mtaa, nitawatembelea ndugu niliowapa kisogo kwa miaka, na nitawafundisha vijana kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Ahadi hiyo hutolewa kwa moyo safi, na hesabu yake inaonekana nyoofu kabisa: kinachomzuia mtu asishiriki leo ni uhaba wa muda, hivyo muda ukipatikana, ushiriki utakuja wenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hesabu hiyo ina kasoro, kwamba kasoro hiyo imejulikana kwa karibu karne moja sasa, na kwamba mtu aliyefika miaka 50 bado ana nafasi nzuri ya kuirekebisha kabla haijamgharimu.

Tuanzie katika kijiji cha Marienthal, nchini Austria. Kijiji hicho cha watu wapatao 1,500 kiliishi kwa kutegemea kiwanda kimoja cha nguo, na kiwanda hicho kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Kundi la watafiti, miongoni mwao Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, lilikwenda huko kutazama nini hutokea jamii nzima inapopewa muda wote iliokuwa ikiukosa. Maktaba ya wafanyakazi, ambayo zamani ilitoza ada, sasa ilikuwa ya bure, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu. Watafiti walipima hata mwendo wa watu katika barabara kuu. Wanaume walitembea polepole na kusimamasimama njiani kana kwamba hakuna wanakokwenda, ilhali wanawake walipita kwa hatua za haraka. Wanawake nao walikuwa hawana tena kazi ya kiwandani, ila nyumbani kulikuwa na watoto wa kulisha, nguo za kufua na nyumba ya kuendesha kwa fedha kidogo, na mambo hayo hayakuwangoja.

Ni kweli kwamba watu wa Marienthal walikuwa pia na njaa, na si haki kuwalinganisha moja kwa moja na mstaafu mwenye kipato. Hata hivyo, Jahoda aliendelea kulitafakari jambo lile kwa miaka mingi, na hoja aliyoifikia inamhusu kila anayekaribia kuacha kazi. Kazi ya mshahara humpa mtu fedha, na hilo kila mmoja analijua. Lakini humpa pia vitu vingine vitano ambavyo hakuviomba wala kuvitia saini katika mkataba. Humpangia siku yake, ili asubuhi isifanane na jioni. Humkutanisha na watu wasio wa familia yake. Humwingiza katika lengo lililo kubwa kuliko yeye. Humpa jina na hadhi, kwa kuwa mtu akiulizwa yeye ni nani, mara nyingi hujibu kwa kutaja kazi yake. Na humlazimisha kutenda hata siku asiyojisikia kutenda. Kazi inapokoma, vyote vitano huondoka siku moja, tena bila kuaga. Mwenyewe huona tu kwamba wiki zinapita, kwamba simu haiiti kama zamani, na kwamba lile jambo alilopanga kulianza Jumatatu limesogezwa tena mbele.

Kwa hiyo muda mtupu hauzai ushiriki. Kinachouzaa ni kutegemewa: kuwa na mahali ambapo usipofika, kuna mtu atakayeuliza mbona fulani hakuja leo. Hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo lote, na ndicho kipimo nitakachorudi kwacho kila mara, kwa sababu kinatenganisha mambo ambayo kwa macho yanafanana sana.

Kwa nini basi tuzungumzie miaka 50, na si 60 au 65? Chuo Kikuu cha Harvard kina utafiti ulioanza mwaka 1938, uliowafuatilia wanaume 724 tangu ujana wao hadi uzeeni. Watafiti waliwahi kurudi nyuma katika kumbukumbu zao na kujiuliza ni taarifa ipi ya mtu akiwa na miaka 50 ingeliweza kubashiri nani atafika miaka 80 akiwa na afya njema. Kiwango cha kolestro hakikufua dafu mbele ya jambo jingine, nalo ni jinsi mtu alivyoridhika na mahusiano yake alipokuwa na miaka hiyo 50. Hao walikuwa wanaume watupu, wa nchi moja, na hatuwezi kuwabebesha ushahidi wa binadamu wote. Lakini swali lenyewe linaelekeza macho mahali sahihi, kwamba uzee wa mtu huanza kupandwa akiwa bado anajiona hana habari nao.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa mara nyingi. Urafiki mwingi wa miaka ya thelathini na arobaini hubebwa na watoto. Wazazi hufahamiana kwa sababu watoto wao wanasoma pamoja, wanacheza pamoja, wanaugua pamoja; husalimiana getini, hubebeana mizigo, hupigiana simu kuulizia kazi za shule. Watoto wanapomaliza shule, geti lile halina tena sababu ya kuwakutanisha, na urafiki ule huyeyuka bila ugomvi wowote. Katika miaka hiyo hiyo wazazi wa mtu huanza kuhitaji kutunzwa, na utunzaji huo humfungia ndani hata mtu aliyekuwa mchangamfu. Ofisini nako wenzake wa rika lake huanza kuondoka mmoja mmoja. Miaka 50 ni umri ambao mihimili mitatu hulegea kwa pamoja, na kwa kuwa kila mmoja hulegea taratibu, nyumba huendelea kuonekana imara.

Hapa kuna fundo la maneno linalopaswa kufunguliwa, kwa maana mambo manne tofauti huchanganywa kama kwamba ni moja. Kuishi peke yako ni mpangilio wa makazi tu. Kunaeleza ni watu wangapi wanalala nyumbani, basi. Kutengwa ni uchache wa mahusiano, jambo linaloweza kuhesabiwa: umeonana na nani wiki hii, umezungumza na nani, nani angekuja ukiugua. Upweke ni maumivu ya moyoni yanayotokana na pengo kati ya mahusiano uliyo nayo na yale unayoyatamani, na maumivu hayo humpata hata mtu aliyezungukwa na familia ya watu wanane. Kushiriki ni kuwa na sehemu yako katika jambo la pamoja, sehemu ambayo isipotendwa na wewe, itabaki haijatendwa au itambidi mwingine aibebe. Mjane anayeishi peke yake na kutunza hesabu za kikundi chake anaweza kuwa mshiriki kamili asiye na upweke wowote, ilhali baba anayekaa sebuleni mwa mwanawe, akipewa kila kitu mkononi na asiulizwe neno, anaweza kuwa na upweke mzito huku kila jirani akimwona ana bahati.

Tofauti hizi zinaonekana pia katika takwimu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 ikisema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani huathiriwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Ila ripoti hiyo hiyo inaonyesha kuwa kundi linaloongoza kwa upweke ni la vijana walio katika miaka ya balehe, si la wazee. Anayedhani kwamba umri mkubwa na upweke ni pacha wasioachana amekosea.

Kuhusu afya, ushahidi ni mwingi na unastahili kuelezwa kwa uangalifu, kwa kuwa umekuwa ukitangazwa kwa maneno makubwa kuliko unavyobeba. Mwaka 1979, Lisa Berkman na Leonard Syme walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka tisa karibu watu 7,000 wa kaunti ya Alameda, California, na walikuta kwamba wenye mahusiano machache walifariki kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wenye mahusiano mengi, hata baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara, unywaji wa pombe na hali ya afya waliyoanza nayo. Mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000, wakaona kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi wa wenzao kwa asilimia 50 katika kipindi cha ufuatiliaji, ambacho kwa wastani kilikuwa miaka saba na nusu.

Msomaji makini atauliza mara moja: je, kushiriki ndiko kunakoleta afya, au afya ndiyo inayomwezesha mtu kushiriki? Swali hilo ni la haki, na jibu la kweli ni kwamba mambo yote mawili hutokea. Mwenye magoti mazima hufika kikaoni. Mwenye maumivu hubaki nyumbani, na kubaki huko humwongezea maumivu. Watafiti hujaribu kulipunguza tatizo hilo kwa kulinganisha watu walioanza wakiwa na hali zinazofanana, lakini hawawezi kulimaliza. Kwa sababu hiyo napendelea tafiti zinazokiri mipaka yake. Mmoja uliotolewa mwaka 2020 uliwatazama karibu Wamarekani 13,000 wenye zaidi ya miaka 50, na ukaona kwamba waliojitolea kwa saa 100 au zaidi kwa mwaka walikuwa na hatari ndogo ya kufariki, walibaki na nguvu zaidi za mwili na walikuwa na hisia kubwa zaidi kwamba maisha yao yana kusudi. Lakini katika magonjwa sugu kama kisukari, shinikizo la damu na baridi yabisi, hapakuonekana tofauti. Saa 100 kwa mwaka ni kama saa mbili kwa wiki, kiasi ambacho hakimtaki mtu ayavunje maisha yake. Anayemwambia mzee kwamba kikundi kitamponya kisukari anamdanganya, na uongo wa namna hiyo humfanya mtu akate tamaa na mambo ambayo kikundi kweli kingempa.

Wataalamu wa uzee wenyewe walivutana kwa muda mrefu kuhusu iwapo mzee anapaswa kushiriki au la. Mwaka 1961, Elaine Cumming na William Henry walitoa nadharia iliyosema kwamba kujiondoa ni jambo la kawaida na lenye manufaa kwa pande zote mbili: mzee huiachia jamii nafasi, na jamii humwachia mzee utulivu wake. Robert Havighurst na wengine walipinga wakisema kinyume chake, kwamba mzee anayefurahia maisha ni yule anayeendelea na shughuli kama alivyokuwa katika umri wa makamo, na kila anachokipoteza hukitafutia mbadala. Nadharia ya kwanza ilitumika kuhalalisha kuwaweka wazee kando. Ya pili nayo, kwa maoni yangu, ilizaa dhuluma ya aina yake, kwani ilimfanya mtu wa miaka 70 anayetaka kukaa kivulini na rafiki mmoja aonekane ameshindwa maisha.

Njia ya kutoka katika mvutano huo ilionyeshwa na Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alieleza kwamba mtu anapohisi muda uliobaki si mwingi, hupunguza watu wa pembeni kwa hiari yake na kuwekeza kwa wale wenye maana kwake, na kwamba kupunguza huko mara nyingi huambatana na kuridhika. Jambo hilo haliwahusu wazee peke yao, kwa kuwa hata kijana anayeugua ugonjwa mzito hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu wa miaka 58 anayejitoa katika vikundi vitatu na kubaki na kimoja huenda hajaanza kunyauka, huenda anachagua. Tofauti kati ya kuchagua na kunyauka utaiona kwa kile kipimo chetu: katika kikundi hicho kimoja alichobaki nacho, akikosekana, ataulizwa?

Sasa tufike kwenye neno kutegemewa lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo penye utajiri. Mwaka 2003, Stephanie Brown na wenzake walichapisha utafiti wa jozi 423 za wanandoa wazee waliofuatiliwa kwa miaka mitano. Walitenganisha mambo mawili ambayo tafiti nyingi zilikuwa zikiyaweka kapu moja, yaani kupewa msaada na kutoa msaada. Waliokuwa wakitoa, iwe ni kumsaidia jirani kazi, kumpa rafiki usafiri au kumsikiliza mwenzi wake kwa moyo, walikuwa na hatari ndogo ya kufariki, ilhali kupokea peke yake hakukuonyesha faida hiyo. Fikiria jinsi tunavyowaheshimu wakubwa wetu: tunawapokonya mizigo mikononi, tunawakalisha mbele, tunawaambia wapumzike, wameshafanya ya kutosha. Heshima hiyo ina upendo ndani yake, nami siidharau, lakini ikizidi humfanya mtu awe mpokeaji daima.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani methali hiyo inamfukuza mgeni kwa adabu, lakini waweza kuisoma kwa namna nyingine: jembe ndilo linalomwondolea mtu ugeni. Mchukulie mwanamke wa miaka 56 anayekwenda kwa mara ya kwanza kwenye kikao cha kikundi. Anafika mapema, anakaa kiti kilicho karibu na mlango, mkoba ameupakata. Anakaribishwa kwa makofi, anajitambulisha kwa sentensi mbili, kisha kikao kinaendelea na mambo yaliyoanza kabla yake, yenye majina asiyoyajua. Mwisho wanamwambia karibu tena. Atakuja mara ya pili, pengine ya tatu, kisha ataacha, na hakuna atakayejua ni wiki gani aliacha. Sasa mchukulie mwanamke huyo huyo, kikao hicho hicho, lakini katibu anamsogezea daftari la mahudhurio na kumwomba aandike majina ya waliopo. Lazima ainuke. Lazima amwendee kila mtu na kumuuliza jina, na mmoja atamrekebisha herufi, mwingine atamuuliza anakaa wapi. Baada ya nusu saa anawajua watu kumi na nane kwa majina, na daftari liko mkononi mwake hadi kikao kijacho. Hawezi tena kutofika bila watu kujua.

Kuna mipango iliyojengwa juu ya kanuni hiyo. Huko Baltimore, Marekani, mpango uitwao Experience Corps uliwapeleka watu wa miaka 60 na zaidi katika shule za msingi, saa 15 kwa wiki, kuwasaidia watoto kusoma na kutunza maktaba. Daktari Linda Fried, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wake, alitambua kwamba wazee wengi hawaitikii mwito wa kufanya mazoezi kwa ajili ya afya yao wenyewe, lakini wataamka asubuhi, watapanda basi na ngazi, na watafikiri kwa bidii, ikiwa kuna mtoto anayewangoja. Afya ilipitishwa mlango wa nyuma. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi, bila wahudumu wala chumba, akaanza na bibi 14 na benchi la nje. Bibi hao walifunzwa kuwasikiliza watu wenye msongo na huzuni, na badala ya istilahi za hospitali walitumia neno la Kishona kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, kwa kuwa kila aliyeketi nao alilielewa. Jaribio la kisayansi lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha kwamba waliohudumiwa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida. Bibi hawakupewa benchi ili wasikae bure nyumbani. Walipewa kwa sababu kazi ile ilihitaji watu walioishi kwingi na kuona mengi.

Mtu anayeanza upya anapaswa pia kujua kwamba ukaribu una gharama ya saa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria, mwaka 2018, kwamba huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu tunayemfahamu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 ili awe rafiki, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa ndani. Tusizichukue kama sheria. Lakini zinaeleza kwa nini anayehudhuria mara nne na kusema watu wa pale hawana ukarimu anakuwa amehukumu mapema mno. Kikao cha saa mbili kila wiki kitamfikisha saa 50 baada ya karibu nusu mwaka, na kikao cha saa mbili kila mwezi kitamchukua zaidi ya miaka miwili. Ndiyo maana shughuli ndogo inayojirudia kila wiki hushinda sherehe kubwa ya mara moja kwa mwaka. Wala si lazima kila mmoja afikie saa 200. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu tunaofahamiana nao juu juu ndio mara nyingi hutuletea habari ambazo rafiki zetu wa karibu hawana, kwa kuwa rafiki wa karibu hujua yale yale tunayoyajua. Aliyekaribia kustaafu akabaki na ndugu watatu wanaompenda sana bado amepoteza madirisha mengi.

Kuhusu makundi ya simu nitasema kidogo tu. Yanafaa sana kwa kutangaza kikao na kwa kumfikia aliye mbali au asiyeweza kutoka. Lakini kusoma ujumbe wa watu 200 kila asubuhi si kushiriki, kwa sababu siku usiposoma, hakuna anayejua.

Vikwazo vya kweli ni vingi, na kimoja kinachopuuzwa kuliko vyote ni masikio. Kupungua kwa usikivu kunakotokana na umri kwa kawaida huanza na sauti nyembamba za juu, na sauti hizo ndizo zinazobeba konsonanti kama s, f na sh. Irabu hubaki. Mtu husikia vizuri kwamba kuna anayesema, husikia hata ukubwa wa sauti yake, lakini hana hakika kama amesema fika au shika, safu au chafu. Katika mazungumzo ya watu wawili hujisaidia kwa kutazama midomo na kukisia. Katika chumba cha watu ishirini, feni ikizunguka na wawili wakinong'ona nyuma, kukisia huko humchosha kama kubeba mzigo. Mtazame mtu wa aina hiyo kikaoni: hucheka nukta moja baada ya wengine, huitikia kwa kichwa swali lililotaka jibu, na akiombwa maoni husema hana la kuongeza. Wenzake humwona amekuwa mkimya. Mkewe humwona amekuwa mzito. Yeye mwenyewe husema siku hizi vikao vinamchosha, na kwa kweli vinamchosha, ila hajui kwamba kinachomchosha ni kusikiliza. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni, na kupotea kwa usikivu na kutengwa na watu yote mawili yamo. Kupima masikio ukiwa na miaka 50, kama upimavyo macho, ni hatua ya kushiriki sawa na kujiandikisha katika kikundi.

Kikwazo kingine ni cheo cha jana. Mtu aliyekuwa mkuu wa idara kwa miaka 20 huingia katika kikundi cha kujitolea akiwa amezoea kuzungumza wa mwisho na neno lake kuwa uamuzi. Hapo kikundini mwenyekiti ni fundi wa miaka 34, na kazi inayohitaji mtu ni kupanga viti. Wengine huondoka wakisema kikundi hakina utaratibu. Nawaelewa, kwa sababu hadhi ilikuwa mojawapo ya vile vitu vitano vilivyoondoka bila kuaga, na mtu anayeomboleza hadhi yake hastahili kuchekwa. Kinachosaidia ni kuanza kabla ya kustaafu, wakati cheo bado kipo mahali pengine, ili mtu ajifunze kupanga viti akiwa bado hajisikii kwamba amebakiwa na viti tu.

Mwili nao hudai marekebisho. Wanasaikolojia Paul na Margret Baltes walieleza jinsi watu wanavyofanikiwa kuendelea licha ya nguvu kupungua, na mfano wao mashuhuri ni wa mpiga piano Arthur Rubinstein. Alipoulizwa jinsi alivyoendelea kupiga vizuri akiwa na umri wa miaka 80, alitaja mambo matatu: alipiga vipande vichache zaidi, alivifanyia mazoezi mara nyingi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi alipunguza mwendo ili sehemu ile isikike ya haraka kwa kulinganishwa. Anayeongoza kwaya, anayefundisha hesabu au anayesuluhisha migogoro anaweza kufanya vivyo hivyo: achukue darasa moja badala ya matatu, aliandae kwa undani, na ahamishie kikao asubuhi ikiwa kuendesha gari usiku kumekuwa taabu. Kuomba kikao kihamishwe si kujidekeza. Mara nyingi utakuta wengine wanne walikuwa wakingoja mtu alitaje jambo hilo.

Si haki pia kumtwika mzigo wote mtu mmoja mmoja na kuviacha vikundi vyenyewe. Kikundi kinachokutania ghorofa ya tatu pasipo lifti kimeshawachagua wanachama wake. Kikundi kisicho na kazi ndogo za kugawa, ambacho kazi zote ziko kwa watu wanne wale wale wanaolalamika kwamba hawasaidiwi, kimefunga mlango kwa ndani. Na kuna mtu ambaye hahitaji mwaliko mwingine kabisa: mwanamke wa miaka 60 anayelea wajukuu wawili na kumuuguza mama yake kwa wakati mmoja. Huyo anategemewa kupita kiasi, na kumwambia ajitolee zaidi ni kumwonea. Anachohitaji ni mtu wa kukaa na wajukuu alasiri moja kwa wiki ili naye aende mahali ambapo anaitwa kwa jina lake, si mama fulani wala bibi fulani.

Limebaki jambo la kuachia. Aliyeshika nafasi kwa miaka kumi hufika mahali ambapo kutegemewa kwake kumegeuka kuwa kizuizi, kwa kuwa funguo zote ziko kwake na hakuna mwingine ajuaye hesabu. Njia ya busara niliyoiona ni ya kuachia ukiwa bado una nguvu, tena kwa hatua. Mweka hazina anamchagua mtu wa kumrithi, wanaandika daftari pamoja kwa miezi sita, kisha mwenzake anaandika naye anakagua. Baadaye anakuwa mwanachama wa kawaida, anakaa safu ya pili. Mweka hazina mpya anasoma taarifa yake ya kwanza, anafika kwenye tarakimu asiyokuwa na hakika nayo, anasita, na kabla ya kuendelea anageuka kutazama kama yule wa safu ya pili yupo.